Paa la Mmarekani

Jumamosi, 11 Aprili

Breki tena. Mimi juu kwenye usukani, Lubanga chini ya gari anatoa hewa kwenye mirija. Kanyaga. Achia. Kanyaga. Asubuhi nzima hivyo. Mguu unaniuma. Mafuta ya breki yamemmwagikia, akayapangusa kwa fulana niliyomnunulia Krismasi. Mume ni wangu na fulana ni yake.

Mmarekani, ndivyo tunavyoliita gari letu, amenizidi umri. Milango minne, juu rangi ya maziwa, chini kijani, nyuma ana mapezi mawili kama samaki. Tulimkuta Kabras nyuma ya ghala, kuku wakiatamia kwenye viti. Tukamvuta hadi hapa Kakamega kwa trekta la miwa. Miaka tisa sasa. Wenzetu hununua ng'ombe. Sisi tunangoja mpira wa dirisha uje ndani ya sanduku la nguo la mpwa wake Lubanga aliye Marekani.

Mchana breki zikashika. Tumekwenda hadi Lurambi na kurudi. Watu walisimama kututazama. Nimefurahi kama mtoto.

Jumapili, 12 Aprili

Tumetoka kanisani, tukang'arisha bampa mpaka nikajiona meno.

Kitambaa cha dari kimekaa vizuri, hakijalegea popote. Hicho ni changu. Kazi yangu ni kushona mapazia, lakini pazia huning'inia tu. Dari lazima likazwe lisionyeshe mshono. Nilikifumua mara nyingi. Nilikuwa nalala chali kwenye kiti cha nyuma, sindano mdomoni, gundi kwenye nywele. Mpaka leo nikiingia garini natazama juu kwanza. Lubanga hunicheka.

Jioni alipita Shitsama, kaka mkubwa wa Lubanga. Siku hizi anafuatana na mheshimiwa, yule wa ukoo wetu anayetafuta kiti kwenye uchaguzi. Alilizunguka gari akiligonga kwa vidole, kama mtu anayechagua tikiti maji. Akala, akaenda. Sikupenda.

Jumanne, 14 Aprili

Lubanga amesubiri mpaka nimenawa mikono ndipo akasema. Mheshimiwa anamtaka Mmarekani Jumamosi. Anataka kuingia naye kwenye mkutano wake Shinyalu, pale uwanjani fahali wanapopiganishwa. Siku moja tu.

Nikamuuliza amejibu nini. Akauangalia ugali. Amejibu sawa.

Hakuniuliza. Miaka tisa tuko wote chini ya gari hilo na hakuniuliza. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kutia uzi kwenye cherehani.

Jumatano, 15 Aprili

Nimekwenda kwa Shitsama mwenyewe. Nilijipanga njiani. Nimemwambia gari si jembe, haliazimwi. Kama ni lazima liende, basi Lubanga aliendeshe.

"Mulamwa," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu niolewe, shemeji kwa Kiluhya. "Huyu ni mtu wetu. Sisi tunasaidiananga. Ama unataka wasikie ni nyumba ya Lubanga ndiyo ilikataa?"

"Sijakataa. Nasema aliendeshe mwenyewe."

"Mheshimiwa ako na madereva."

Mkewe akaniongezea chai. Nikainywa. Nikashukuru. Majibu yote mazuri yamenijia nikiwa barabarani, peke yangu.

Ijumaa, 17 Aprili

Wamekuja kulichukua leo badala ya kesho. Vijana wawili, miwani ya jua, na mawingu yote haya. Lubanga aliwaeleza taratibu: asubuhi usiliondoe kwa haraka, gia ya pili ina kiburi, breki zikanyage mapema. Mmoja alikuwa kwenye simu. Lubanga akaeleza tena.

Nilichoweza kusema ni, "Msiubamize mlango."

Wameubamiza.

Banda limebaki tupu, na doa la oili katikati. Lubanga amelifagia. Halikuhitaji kufagiwa.

Jumamosi, 18 Aprili

Siwezi kuandika vizuri. Najaribu.

Hatukualikwa, lakini tulikwenda. Uwanja umejaa. Ngoma za isukuti zinalia, fahali wawili wamefungwa kando wanafukua udongo kwa kwato. Nikausikia mlio wa injini yetu kabla sijaliona gari. Nikamfinya Lubanga mkono kwa furaha. Naandika ukweli, nilifurahi.

Kisha nikaona mtu anakuja juu ya vichwa vya watu, kuanzia kiunoni, anapunga mikono. Mheshimiwa. Nikafikiri amepanda kwenye gari jingine. Nilitafuta letu kwa macho. Ndilo lilikuwa lile. Amesimama ndani yake. Wamelikata paa lote. Nguzo za paa zimebaki fupi fupi kama visiki vya miwa, hata kingo za chuma hawakuzipiga msasa.

Lubanga amekaa chini kwenye nyasi, kwa suruali yake nzuri.

Mama mmoja aliyekuwa akipiga vigelegele akanishika mkono nicheze. Nikamwambia gari ni langu. Akasema, "Ai, una bahati mama!" Akanivuta. Nilichezeshwa.

Jumapili, 19 Aprili

Hawajalirudisha. Simu ya Shitsama imezimwa. Lubanga hajatoka kitandani, wala kanisani hatukwenda. Binti yetu Linet amepiga simu kutoka Eldoret kumsalimia baba yake. Nimemwambia amelala.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimefunga duka, nikaenda ofisini kwa mheshimiwa. Tumekaa kwenye mabenchi watu wengi, kila mtu na lake. Mheshimiwa alipotoka, Shitsama akamnong'oneza mimi ni nani. Akanishika mikono yote miwili.

"Mama, asante. Gari yenu imeonekana mpaka kwa simu za watu. Na sasa imefunguka, inaingiza hewa."

"Paa liko wapi, mheshimiwa?"

Akamgeukia kijana aliye nyuma yake. Kijana hakujua. Akanipigapiga begani, akasema litashughulikiwa, akaingia kwenye gari lake lenye vioo vyeusi. Shitsama alikuwa akitazama viatu vyangu.

Alikuwa mpole. Hilo ndilo linanitafuna. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Nimepitia polisi. Askari wa kike amenisikiliza vizuri, akauliza gari limeandikishwa kwa jina la nani. La Lubanga. Basi yeye ndiye aje. Nikampigia Lubanga simu hapo hapo.

"Mama Linet," akasema, "rudi nyumbani."

Alhamisi, 23 Aprili

Limerudi. Limevutwa kwa kamba na pikapu, likaachwa langoni. Wamenipa na fulana mbili zenye picha ya mheshimiwa.

Ndani kuna matope, chupa na maganda ya njugu. Uzi wangu umebaki ukining'inia juu ya kioo cha mbele. Bodi ya gari imebonyea katikati, kwa sababu kumbe paa ndilo lililokuwa likiishika. Hakuna mlango hata mmoja unaofunga. Ukiusukuma unarudi.

Aliyelivuta anasema paa wamemwachia mnunuzi wa vyuma vikuukuu, barabara ya Malava.

Ijumaa, 24 Aprili

Mnunuzi nimempata. Mtu mzuri. Analikumbuka. Lori lilikuja Jumanne, likabeba kila kitu. Kitambaa alikibandua kabla ya kupima, akakitupa, mvua ikakipeleka mtaroni.

"Lakini kilikuwa kimeshonwa, mama," akasema. "Fundi alijua kazi."

Nimeondoka haraka.

Jumamosi, 25 Aprili

Amekuja fundi wa bodi kutoka upande wa Sigalagala. Amepima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe. Ameinama, ameinuka, amepima tena. Amekaa juu ya tairi.

"Sitawadanganya. Hii imevunjika mgongo. Mngepata paa ya gari kama hii, pengine. Na gari kama hii mtaitoa wapi?"

Lubanga akamuuliza itakuwaje akichomelea vyuma chini. Akamuuliza itakuwaje wakitengeneza paa la bati nene. Akauliza tena la vyuma. Kila mara fundi alitikisa kichwa polepole, kama anayemkatalia mgonjwa maji. Nikaingia jikoni. Sikutaka kumwona Lubanga anauliza la nne.

Jumatatu, 27 Aprili

Tumegombana. Nimesema yote. Kwamba yeye ndiye aliyelikata, si grenda yao ya kukatia chuma. Kwamba mpaka leo anaogopa kwenda kuandikisha ripoti.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Ningekataa, mama yangu akifa nani angemzika? Wewe na mimi?"

Nilitaka kusema ndiyo, wewe na mimi. Ingekuwa uongo. Nimekumbuka tulivyomzika baba yake. Shitsama na ndugu zake ndio waliochimba, wakabeba, wakalisha watu. Kungekuwa na njia ya kusema hapana mtu akabaki na watu wake, ningeijua. Siijui. Na bado namchukia kidogo.

Nimelala chumba cha Linet.

Jumapili, 3 Mei

Shitsama amekuja. Hakulitazama banda. Amesema ni vijana ndio walifanya, mheshimiwa hakuwatuma wakate, alisema tu anataka aonekane. Amesema tutaletewa gari lingine, la Kijapani, dogo, halinywi mafuta. Lubanga akajibu sawa. Lile lile sawa.

Nimempikia ingokho, kuku wa kienyeji. Nimemchagulia mapaja. Mikono yangu ilifanya yote hayo, mimi nikiitazama. Alipoaga akasema, "Mulamwa, usiweke kitu kwa roho." Nikamsindikiza hadi langoni kama inavyopasa.

Jumapili, 10 Mei

Mvua tangu mchana. Banda linavuja. Zamani halikuwa neno, gari lilikuwa na paa.

Nimekwenda na kopo na beseni. Maji yamejaa sakafuni mwa gari, upande wa dereva. Nimepiga magoti nikaanza kuchota. Baada ya muda nikamwona Lubanga anakuja na taulo kuukuu, kichwani amejifunika gunia. Akaingilia mlango wa pili. Ulikuwa ukimrudia mgongoni, akauzuia kwa mguu. Akaanza kukausha kiti.

Nimechota, amekamua taulo. Amekamua, nimechota. Maji yalikuwa bado yanaingia. Tumeendelea.