Paa la Mapipa ya Lami

Mikumi, Kilosa

Mke wangu Mama Rukia,

U hali gani? Na Rukia, kile kikohozi kimemwacha? Baba mkwe mfikishie shikamoo yangu, hata kama bado ameninunia. Mimi mwili ni mzima, ila upweke utaniua huku.

Nyumba imeezekwa! Sikusahau neno lako, kwamba tangu nyumba ya dada yako iungue hulali tena chini ya nyasi. Bati la dukani halipatikani, hata ukienda Kilosa mjini utaambiwa limekwisha. Basi wajenzi wa barabara waliacha mapipa matupu ya lami, wakaturuhusu tuyachukue. Nikayapasua kwa patasi, nikayanyoosha kwa nyundo juu ya gogo mpaka masikio yakaziba. Vifuniko nimevifanya madirisha. Vipande vilivyobaki nimetengenezea jiko, karai na koroboi mbili. Sijatupa hata kipande cha ukubwa wa kiganja.

Sasa usinicheke. Jirani yangu, fundi Salehe, alinionya, "Choma kwanza lami yote iliyoganda ndani, ndipo uezeke." Mimi na haraka zangu nikachoma nusunusu, maana moyoni nilikuwa nakuona umeshashuka kwenye basi. Jua lilipokuja kuwaka sawasawa, nimejilaza mchana, tone likaniangukia shavuni. Lami! Jingine likaangukia ile kanga uliyonipa siku naondoka. Nimeisugua kwa mafuta ya taa, doa limegoma. Mama Rukia, nililia kama mtoto. Doa si kitu. Ile kanga ilikuwa bado ina harufu yako, sasa inanuka mafuta ya taa tu.

Nikashusha paa lote. Salehe alicheka mpaka akakaa chini, lakini akanisaidia. Tukachoma kila kipande juu ya kuni hadi kikakauka kabisa, tukaezeka upya. Juzi mvua imenyesha kubwa, halikuingia hata tone. Nikakaa kitandani naisikiliza inavyopiga bati, sina wa kumwambia, "Unasikia?"

Jambo lenyewe ni hili. Mwenyekiti wa kijiji hiki kipya amepita tena.

"Ndugu, huyo mkeo yupo, au ni wa mdomoni?"

"Yupo, Mwenyekiti."

"Viwanja ni vya wenye familia. Mahindi yakivunwa hajafika, nyumba hii tutampa mwenye watoto."

Sikubisha. Wanaohamishiwa hapa ni wengi, na wengine wanalala nje na wachanga wao.

Njoo kabla ya mavuno, wewe na Rukia. Mwambie kondakta awashushe njia panda ya kwenda Kilosa. Hata sasa kila basi linalotoka Iringa nakwenda kuliangalia, watu wameshaanza kunisema.

Mama mkwe mpe shikamoo zake, na shemeji yangu mshona viatu mwambie namkumbuka.

Na kama moyo umekataa, tafadhali usimtume shemeji aje kuniambia. Andika kwa mkono wako, neno moja tu, "Siji." Nitamkabidhi Mwenyekiti ufunguo siku hiyohiyo. Nyumba hii peke yangu siiwezi.

Mumeo,
Baba Rukia