Mafuta ya Wifi na Vifaranga Wangu

Voi, Jumanne, 1996. Jua kali, vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria. Roho imenichafuka, lakini nimekata shauri.

Asubuhi Mama Mghoi ameshuka kutoka Bura na boksi tupu. Vifaranga aliowachukua kwangu wamekufa wote kwa kideri, na aliwachanja kama nilivyomwelekeza. Angenitukana ningemwelewa. Yeye akasema tu, "Mama Salma, nipe wengine. Mimi nakuamini."

Wallahi niliona haya.

Si yeye peke yake. Wateja wanalalamika mmoja baada ya mwingine, na vifaranga ndio jina langu hapa mjini. Likiharibika, sina jingine.

Nikamwita daktari wa mifugo. Nilidhani ataangalia vifaranga, kumbe akaenda moja kwa moja kwa mama zao. Akachota chakula, akanusa, akakunja uso. "Umetia mafuta gani humu?"

Mafuta ya karai. Wifi yangu Zuhura hukaanga bajia stesheni, na kila jioni huniletea yaliyobaki, meusi, yameshaungua mara sijui ngapi. Kwetu mafuta hayamwagwi. Nayachanganya na pumba, kuku wananenepa, manyoya yanang'aa, mayai tele. Nami nikajiona mjanja!

Daktari akanieleza kwamba kifaranga huanguliwa na akiba kutoka kwa mama yake, iliyomo kwenye kiini cha yai. Humo ndimo mna kinga yake ya siku za mwanzo. Mafuta yaliyochacha huua vitamini kwenye chakula cha mama, na akiba ile hutoka hafifu. Mafuta si adui, alisema, ila yawe mapya na ya kiasi. Akaniambia nisage dagaa wakavu nichanganye na pumba, wana mafuta mazuri.

Bandani nina vifaranga wa juzi, ukiwaona utawapenda. Mama Mghoi angewabeba akishukuru. Sikumpa hata mmoja. Nimemwambia angoje mpaka nibadilishe chakula cha kuku na nipate mayai mengine. Akapanda Bura na boksi lake tupu vilevile.

Jioni Zuhura akabisha hodi na kopo lake. Nikamweleza polepole. Wee, alivyowaka! "Kwa hivyo mafuta yangu sumu? Na wanaokula bajia zangu je?"

Mimi mwenyewe huzila.

Akaondoka bila kuaga. Imeniuma sana. Huyu ndiye aliyenipikia uji arubaini yangu yote nilipojifungua Salma, na ugomvi wa mawifi siutaki. Nikasimama mlangoni nikitaka kumwita, niyapokee tu halafu niyamwage kisirisiri. Mara nikamkumbuka Mama Mghoi na ile imani yake.

Sikuita.

Dagaa nitawatafuta sokoni mapema. Na Zuhura akija tena, nitampokea kwa mikono miwili, nimpe kiti na chai. Yeye nitampokea. Kopo sipokei.