Makopo Mawili Juu ya Meza

Ami mpenzi,

Kabla ya neno jengine lolote, nakuomba mlango wa chumba ufungwe. Najua jicho lako moja bado lina bandeji na la pili linasubiri zamu yake, kwa hivyo mkeo ndiye anayekusomea. Bi Asha, na wewe nakuomba: soma kwa sauti ndogo, wala yaliyomo humu yasiwafikie wageni wanaokuja hospitali kumjulia hali. Mkimaliza, ichaneni barua hii. Mimi ni karani mdogo, na ofisini kwetu Khuwair habari yenye neno baruti ndani yake haichelewi kupanda ghorofa ya juu. Tena kuna heshima yako, Ami, kwa wapiga shabaha wenzako. Sitaki iguswe na mtu asiyekupenda.

Unakumbuka nilipoanza kazi kwako? Nilikuwa na miaka tisa. Ulirudi kutoka kwenye shabaha na mfuko wa maganda matupu ya risasi, ukayamwaga juu ya mkeka katika kile chumba kidogo kando ya majlisi ya wageni, ukanipa bakuli tatu za halwa zilizokwisha kuoshwa. Kila ganda lina maandishi kitakoni, ukaniambia, na yasiyofanana yasilale bakuli moja. Macho yako yalikuwa yameshaanza kuyaona kama ukungu. Nikakaa mpaka adhuhuri nikisoma vitako vya shaba, na katikati ya maganda yote nikamkamata mgeni mmoja, mfupi kuliko wenzake kwa unene wa ukucha. Ulimgeuza mkononi, ukamsimamisha kando ya mwenzake, ukacheka mpaka ukakohoa. Tangu siku hiyo hukuniita Rayya tena. Ukaniita Jicho.

Nilipojua kuandika vizuri ukanipandisha cheo. Kila sanduku la risasi ulizojaza upya kwa maganda hayo lilipata kadi kwa mwandiko wangu: maganda ya aina gani, fataki zipi za kuwashia, baruti ipi, siku gani. Huko ndiko nilikojifunza ukarani, si chuoni. Na sheria zako nazikumbuka kuliko za mwalimu yeyote. Kopo moja mezani, jengine kabatini, na kabati lifungwe. Baruti haihami kopo lake. Mtu akikusemesha, mikono iweke chini. Kabla ya kuyaziba maganda kwa vichwa vya risasi, ulipitisha tochi juu ya ubao uliopangwa maganda, mimi nikichungulia moja moja nione baruti imefika usawa mmoja. Na ile uliyoipenda zaidi: "Shaka ikiingia, risasi itoke."

Sasa nikukumbushe Ijumaa ile kabla ya Ramadhani. Tulikuwa tumefika nusu ya ubao wa risasi za bunduki ndefu. Honi ikalia nje, rafiki zako wawili wa Qurayyat. Nikachukua shungi langu nikatokea mlango wa jikoni kama siku zote wakija wanaume, na kazi ikabaki kama ilivyo. Nilipoleta kahawa na tende, ukaja kunipokea sinia mlangoni, na nyuma ya bega lako nikaona meza. Mgeni mmoja alikuwa amekuuliza juu ya baruti ya bunduki ya marisau, ile ya kupigia ndege, nawe ukamtolea kopo lake aione. Makopo mawili, yote wazi, na katikati yake kikombe cha kupimia kina baruti ndani, ya kopo lipi sikujua.

Baadaye mmoja wao akaenda kulala chumba cha wageni, yule mwengine akabaki na kahawa yake. Ni mtu mzima, umri wa babu yangu, ukaniita niingie tumalize. Kikombe kilikuwa kitupu. Ulikuwa umeshakimimina kopo moja kati ya yale mawili. Kopo lipi, sikuona. Nikasema, "Ami, tuanze upya?"

"Tuanze upya nini? Kazi hii n'naifanya hujazaliwa."

Mgeni akacheka, nawe ukacheka. Mimi nikanyamaza. Kumsahihisha ami yangu mbele ya mgeni wake, ulimi wangu haukuweza. Tukajaza nusu iliyobaki. Nikaandika kadi: baruti ya bunduki ndefu. Nikaandika kama mtu aliyeona, na sikuwa nimeona. Kadi ile ina jina langu chini yake. Wewe ukasafiri kwenda India kwa macho, sanduku likabaki kabatini, na ufunguo ukanikabidhi mimi.

Jumamosi alikuja mwanao Nasor. Anasema umemruhusu bunduki yako kwa harusi ya rafiki yake Qurayyat, Ijumaa hii, wanaume watapiga shabaha baada ya laasiri, na anataka lile sanduku kwa sababu risasi za mzee hazikosei. Nikamwambia nataka kwanza kuitazama kadi.

"Karani," akasema, "hata risasi nayo inataka muhuri wako?"

Alipoondoka nilifungua kabati. Niliweka karatasi nyeupe juu ya meza kando ya dirisha, jua la saa nne, nikamimina kidogo kutoka kopo la bunduki ndefu. Unajua inavyotakiwa kuonekana, vijiti vidogo kama tambi zilizokatwakatwa. Vijiti vilikuwepo. Na katikati ya vijiti, Ami, vibapa vyembamba vya mviringo, baruti ya marisau. Si kimoja. Ulinifundisha mwenyewe kwamba ile huwaka kwa pupa, na ndani ya bunduki ndefu inaweza kupasua chuma usoni mwa aliyeishika. Na katika sanduku lile hakuna anayeweza kusema ipi ilijazwa kabla ya mgeni na ipi baada yake. Nimelifunga kopo, nikaandika USITUMIE kwa kalamu nyekundu, na sanduku vivyo hivyo. Sikufungua risasi hata moja wala sikujaribu kuchambua baruti. Hiyo si kazi ya karani.

Jana nilimwambia Nasor. Alinisikiliza, halafu akasema neno lililonichoma.

"Baba kajaza kwa mkono wake. Wewe unamwita baba yangu kipofu?"

"Nasema mimi nilinyamaza," nikamjibu.

Akasema nimezoea kuogopa karatasi, sasa naogopa na shaba. Asiposikia kwa mdomo wako, Alhamisi baada ya magharibi anakuja kuvunja kufuli.

Ami, mimi ni mwoga, unajua. Naogopa mkubwa wangu wa kazi, naogopa lifti, naogopa kuandika barua hii. Lakini naiona mikono ya Nasor, naliona jicho lake karibu na chuma kile, na khofu hiyo imezimeza nyengine zote. Siku ile nilikuchagulia heshima mbele ya mgeni, na sikuichagua ile sheria uliyonilea nayo. Sirudii. Ukirudi salama, tutawakabidhi kopo na sanduku wanaojua kuviharibu, na siandiki kadi nyengine mpaka uisome kwanza kwa jicho lako jipya.

Barua hii naituma imefungwa, kwa mkono wa msafiri wa ndege ya leo, ikufikie kabla ya Alhamisi. Sasa sikiliza jinsi ya kunipata. Usipige ofisini, simu yetu iko mezani kwa wenzangu. Piga ya mama, kati ya laasiri na magharibi, Alhamisi isipite. Mama hajui kitu. Mwambie unataka Jicho akusomee kadi, nitatoka na simu mpaka uani. Ukisikia kelele nyuma yangu, ni Nasor, na nitampa simu nikikaa palepale. Ikiwa unapiga kuniamrisha nilitoe sanduku, basi niwie radhi kuanzia sasa, sitalitoa. Ufunguo nimeushona ndani ya pindo la shungi langu. Na ukipiga, usiniulize kama nina hakika. Niulize niliona nini, nitakwambia.

Mungu akupe shifaa ya macho yote mawili.

Binti wa ndugu yako, aliyenyamaza mara moja,
Rayya