Sauti Iliyokuwa Ghalani

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini. Natumaini vumbi la barabara mnayoijenga halijakumaliza kifua, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Presha ya Baba imetulia, miguu haimsumbui, nami sina homa wala mafua. Ningependa kuishia hapo penye heri, lakini nitakuwa nimekudanganya, na uongo wa wiki mbili hizi umenitosha.

Simu yako haipatikani, nimejaribu mpaka nimechoka. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori lenu la vifaa, anayeondoka kesho asubuhi. Kabla hujasoma zaidi, nakuomba jambo moja. Ile diski ndogo nyeusi ya sinema niliyokupa siku ulipoondoka, popote ilipo, usiichomeke kwenye kompyuta yoyote. Iache kama ilivyo. Nitakueleza kwa nini.

Nitarudia hata unayoyajua, maana nikiyapanga napata nguvu ya kufika mwisho. Baba alipopoteza macho, nilizitoa sinema zake kwenye masanduku nikazihamishia kwenye kompyuta ya stoo, ile iliyo kando ya meza ya pasi, nikapitisha waya chini ya zulia mpaka kwenye televisheni ya sebuleni. Baba akaiita ghala. Mama akawa anaketi pembeni yake akimsimulia: nani kaingia, kavaa nini, kashika nini. Baadaye akalalamika kwamba ana kazi nyingine zaidi ya kuwa macho ya mtu, sufuria zinaungua jikoni. Ndipo nilipomwekea kipaza sauti, akawa anaisimulia kila sinema mara moja tu, nami naichanganya sauti yake humo humo. Sinema arobaini na moja kwa miaka mitatu. Na hata alipotutoka, Baba aliendelea kuketi kila siku saa tisa alasiri, akapapasa kile kifungo cha shati nilichogundisha kwenye rimoti, akabonyeza, na Mama akaanza kusema. Wageni walishangaa. Sisi tulishazoea.

Kwa hiyo kila sinema ilikuwa ghalani mara mbili. Kulikuwa na ile safi, na ile ya Mama yenye jina lile lile na urefu ule ule, ila picha yake hafifu, kwa sababu niliibana isimalize nafasi. Baba picha za nini? Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita, ghala likajaa, nami nilikuwa na tamthilia yangu ndefu natafuta pa kuiweka. Nikaiagiza programu itafute nakala zilizojirudia, ibakize zenye picha nzuri, ifute zilizo hafifu. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo huku natafuna karanga, kisha nikaimimina tamthilia yangu yote. Ile diski ya pili niliyokuwa najigamba kwamba ni ya akiba, nilikuwa nimeipanga ijifananishe na ya kwanza kila alfajiri. Ikajifananisha. Kilichofutwa huku kikafutwa na kule. Mliniita Kidole tangu utotoni kwa kubonyeza kila kitu, na safari hii nimelitendea haki jina langu. Majuto ni mjukuu, Dada, na huyu wangu amezaliwa na meno.

Jumapili saa tisa Baba akabonyeza. Muziki ukaanza, watu wakazungumza, farasi wakapita. Baba akangoja. Mwishowe akaniita akaniambia kwamba leo mama yenu hasemi.

Nilimwambia waya una hitilafu. Kesho yake nikazibeba diski zote mbili hadi kwa fundi wa kompyuta, nikamkalia kooni siku tatu. Akasema tamthilia yangu imeshayafunika yaliyokuwepo, na pale diski ya pili ilipoinakili ikafunika vilevile. Alichookoa ni sekunde kumi na moja. Mama anakohoa, kisha anasema tumngoje avae miwani. Sijathubutu kumsikilizisha Baba.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu. Unajua sauti yangu kwenye simu ni ya Mama mtupu, hata Shangazi ameshawahi kunipa umbea usionihusu. Nikajifungia stoo, nikaziba mlango kwa blanketi, nikaisimulia ile sinema ya daktari wa farasi. Nikakohoa kama yeye, nikamwita Baba mzee wangu kama yeye. Kisha nikamwambia waya umepona. Baba akasikiliza ametulia, akacheka panapochekesha, nami nikashusha pumzi. Mwishoni daktari anapigwa risasi pale mtoni, nikaeleza nilichokiona: ameanguka, hainuki tena. Baba akazima. Akaniambia, bila hata kunigombeza, kwamba mama yangu hajawahi kuua mtu.

Dada, mimi sikujua. Nilikuwa nachanganya sauti bila kusikiliza maneno. Kumbe miaka yote mitatu, kila aliyekufa kwenye televisheni Mama alimwinua. Alimfunga jeraha, akampandisha garini, akamrudisha kwao. Daktari wa farasi alivuka mto na akaoa. Nilimuuliza Baba kama alikuwa akiamini. Akasema yeye amepofuka macho, si masikio, na vilio na mazishi alivisikia vizuri tu, ila alipenda jinsi mke wake alivyokataa. Akaniomba nisimwigize tena.

Leo ni siku ya sita. Rimoti haigusi. Chai anaishia nusu kikombe, chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Ikifika saa tisa anaketi mbele ya televisheni iliyozimwa, mikono magotini. Jana aliniuliza, mtu akianza kuisahau sauti ya mwenziwe, atajuaje kwamba ameanza. Nikaenda kulia jikoni. Naogopa, Dada. Naogopa tutamzika na kosa ni langu.

Imebaki diski yako. Nilikunakilia sinema kumi na mbili harakaharaka bila kuchagua, na barua yako ya kwanza ulinifokea kwamba nimekupa za Mama, hamtazami kwa raha kwa maelezo yake, na kwamba utaifuta uweke ramani zako za kazi. Nilicheka sana. Hatukujua amebakiwa na miezi mitano. Msibani hatukulizungumza hilo, nami sikuuliza kwa kuwa nilikuwa na ghala zima. Sasa nakuuliza. Kama hukuifuta, nitumie. Kama uliifuta, nitumie vilevile, fundi anasema kilichofutwa huokolewa iwapo hakijafunikwa. Na kama ramani zimeshaingia, nitumie hivyo hivyo, hata sekunde nyingine kumi na moja nitazipokea. Mpe dereva aiweke mfuko wa shati, isichanganywe na vyuma.

Limebaki moja. Nilipofika hapo juu, Baba alikuja akipapasa ukuta, akauliza namwandikia nani. Nikamwambia ni wewe. Akaomba nimsomee. Nikamsomea neno kwa neno, kuanzia salamu mpaka karanga, mpaka zile sekunde za fundi, hata kule kulia kwangu jikoni. Nilipofika kwenye diski yako nikamtazama nikashindwa. Nikamsomea nisichokiandika. Nilisoma kwamba nakushukuru kwa ujumbe uliompa dereva, kwamba umeshaitazama diski na zote kumi na mbili ni nzima, na kwamba inakuja na lori siku ya Alhamisi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

Akaomba sahani yake, akala akamaliza. Sasa yuko sebuleni anaipangusa televisheni kwa leso yake. Sijui kama ameniamini, au amependa tu nilivyokataa.

Wasalimie wapima ardhi wenzako, na mpishi wenu aliyekuuguza. Baba anakusalimu sana, na anakwambia asante. Lori linarudi Alhamisi, nitakuwa barabarani tangu asubuhi.

Ni mimi mdogo wako,
Kidole