Kuhesabu Watoto Wakiwa Wamekaa

Buyenzi, Bujumbura
Tarehe 9 Septemba 1990

Aimable,

Salamu zitakuja chini. Kwanza nikugombeze. Nilikubeba mgongoni, kwa hiyo nina haki ya kusema: wewe ni mjinga mwenye diploma, na mjinga wa namna hiyo ndiye mbaya kuliko wote.

Umeniandikia kurasa nne. Padri Mbelgiji ameipa shule yenu hapo Gikondo kompyuta, wewe peke yako ndiwe mwalimu uliyepewa ufunguo wa chumba cha mashine, watoto wanajifunza hesabu kwenye kioo kinachowaka. Nilifurahi. Nilimpigia jirani yangu Winifred kelele juu ya ukuta aje asikie mjukuu wangu amefika wapi. Kisha nikafika ukurasa wa tatu. Umeingiza ndani ya mashine jina la kila mtoto, jina la baba yake, kazi ya baba, nyumba yao iko wapi, na kabila. Tena unajisifu kwamba ukibonyeza mara moja inatenga Wahutu huku na Watutsi kule, kabla hujapiga chafya.

Nani alikutuma?

Mguu wa mama yako umepona? Kurasa nne, na mguu wa binti yangu haumo hata mstari mmoja. Mimi ni mzima, kifua tu kinanisumbua asubuhi. Jibu upesi.

Bibi yako,
Béatha


Gikondo, Kigali
Tarehe 18 Septemba 1990

Kwako Bibi, mke wangu mkubwa,

Nakusalimu sana, na kifua chako nakisalimu pia, kikuache. Mama amepona. Anatembea mpaka sokoni na kugombana na wauza viazi, na katika ukoo wetu hiyo ndiyo dalili ya afya.

Sasa unisikilize bila kukunja uso. Kabila sikulianzisha mimi. Limo katika rejista tangu sijazaliwa, na kila mwaka masomo yakianza direkteri, mkuu wa shule yetu, anadai hesabu yake aipeleke kwa wakubwa. Unajua tunaipataje? Mwalimu anasema, Wahutu simameni. Anahesabu. Kaeni. Watutsi simameni. Mwaka jana kuna mtoto anaitwa Liliane, baba yake ni fundi wa magari hapa chini kwenye magereji. Hakujua asimame lini. Akasimama pamoja na rafiki yake wa dawati. Darasa zima likacheka, nami nikamkalisha mbele ya wote. Mwezi mzima hakuinua mkono tena.

Niliapa sitarudia. Mwaka huu hakuna aliyesimama, Bibi. Nilibonyeza, hesabu ikatoka, watoto wakiwa wamekaa wanagawanya desimali zao. Liliane ndiye wa kwanza kwenye mashine sasa, anawafundisha wenzake. Nyumba niliziandika kwa sababu mtoto akikosa siku tatu naenda kwao kwa miguu kuuliza.

Chumba kina kufuli na ufunguo uko mfukoni mwangu. Ondoa wasiwasi.

Mjukuu wako,
Aimable


Buyenzi
Tarehe 26 Septemba 1990

Aimable,

Hujambo? Mimi sijambo, na kifua kinakushukuru kwa salamu.

Kwa yule mtoto ulifanya vizuri. Nakusifu mara moja, usizoee. Lakini watoto walipokuwa wanasimama walimwona anayewahesabu. Sasa wanahesabiwa wakiwa wameinamisha vichwa. Hiyo ndiyo raha uliyowaletea?

Mwaka wa sabini na tatu ulikuwa na miaka tisa, labda umesahau. Mimi nilikuwa mpishi kwenye shule ya bweni. Asubuhi moja nimebeba sufuria ya uji, nakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kulia. Sikujua kusoma. Nikamwambia msichana mmoja anisomee. Akasoma majina, moja, la pili, akafika kwenye jina lake mwenyewe. Siku ile ile Watutsi wote walifukuzwa, wanafunzi na sisi wa jikoni. Mimi nilikuja huku, mama yako akabaki kwa mumewe Mhutu. Na aliyeiandika karatasi ile alikuwa mwalimu mpole, hakuwahi kumpiga mtoto. Walimpa kazi ile kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri.

Ndiyo maana nilijifunza kusoma nikiwa na mvi. Winifred alinifundisha kwa Kiswahili chake, sababu ndicho alichonacho. Nilitaka karatasi nyingine isibandikwe mlangoni nami nimesimama na uji kama kipofu.

Ufunguo uko mfukoni mwako, sawa. Na wewe uko mfukoni mwa nani? Direkteri akisema lete, utajibu nini? Toa kabila. Toa nyumba. Waachie majina na desimali. Fanya kesho, kabla ya chai.

Bibi yako,
Béatha


Gikondo
Tarehe 21 Oktoba 1990

Bibi yangu,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima mpaka saa hii ninapoandika. Barua ameibeba Salvator, dereva wa lori la chumvi, kwa sababu posta wanafungua bahasha.

Umesikia vita vimeanza huko mpaka wa Uganda. Hapa mjini watu wanakamatwa. Wanawaita ibyitso, yaani wanaomsaidia adui, na mara nyingi kosa lao ni kuzaliwa Watutsi. Walimu wawili wa shule ya jirani hawajarudi kwao wiki mbili sasa.

Bibi, sikutoa kitu. Barua yako ilifika, nikaisoma, nikasema nitafanya nikimaliza kusahihisha madaftari. Nilikuwa na madaftari hamsini. Jumatano direkteri akaniita ofisini.

"Mwalimu, ile mashine yako, inaweza kunitolea Watutsi peke yao, na nyumba zao?"

"Imeharibika, Direkteri."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Akacheka kwa nguvu, akanipiga begani. "Jana! Inaugua kwa adabu. Basi wiki ijayo analetwa fundi aitazame. Mwalimu, kitambulisho chako kimefuata kabila la marehemu baba yako, Mhutu. Lakini mama yako tunajua kazaliwa na nani. Usijitafutie."

Nikiifuta, nitaitwa msaliti. Nisipoifuta, nyumba zao zote zimo, mpaka rangi za milango niliandika. Mama sijamwambia. Nikikaa mbele ya darasa naona vichwa tu, sioni desimali. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Aimable


Buyenzi
Tarehe 24 Oktoba 1990

Aimable,

Sisalimii, Salvator anangoja nje na lori linanguruma.

Jibu unalo tangu Septemba. Madaftari hamsini! Futa. Kila jina, kila mlango. Fundi akija akute kioo kitupu, umwambie umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu ukaiua. Umeme wa Kigali kila mtu anaujua, atakuamini. Usimwambie mtu yeyote kwamba ni wewe, hata mama yako.

Utaogopa. Ogopa, lakini vidole viendelee kubonyeza.

Bibi yako


Gikondo
Tarehe 17 Novemba 1990

Bibi,

Nakuamkia, ingawa sistahili unijibu.

Nilifuta. Salvator aliponipa barua yako nilikwenda moja kwa moja, saa ya chakula, watoto wakicheza uwanjani. Nilifuta yote. Fundi alikuja, akakuta kioo kitupu, akalaumu umeme kama ulivyosema. Nilirudi nyumbani nikala kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

Lakini nilikuficha jambo moja, Bibi, hata nafsi yangu niliificha. Mwezi wa tisa, siku ile hesabu ilipotoka vizuri, direkteri aliniomba nakala. Nikamtolea yote kwenye disketi, kile kisahani cheusi ambacho mashine inahifadhia mambo yake. Nilimpa mwenyewe, kwa mikono miwili, nikitabasamu. Nilitaka aone kazi yangu. Mashine ilipokufa akaikumbuka disketi ile, na ofisi za serikali zina kompyuta.

Karatasi nimeiona juu ya meza yake. Nyumba kumi na tisa, zimepangwa kwa mtaa ili anayetembea asichoke. Nilizipanga mimi. Wiki hii wamechukua baba watatu. Wa tatu ni baba yake Liliane. Walimtoa chini ya gari alilokuwa anatengeneza, mikono ina grisi.

Sijafika kwenye jambo baya bado. Shuleni watu walinong'ona kwamba mashine haikufa yenyewe, kwamba mwalimu Aimable aliiua ili asitoe majina. Jana mama Liliane alikuja kwetu na kikapu cha maharage. Akanishika mikono. "Mwalimu, wewe angalau ulikataa." Nilipokea kikapu, Bibi. Mama akayapika. Nikala.

Hakuna anayejua ila wewe. Siwezi kukaa hapa. Salvator anasema anaweza kunivusha mpaka kama turnboi wake, utingo wa lori, Alhamisi. Niambie nije.

Mjukuu wako,
Aimable


Buyenzi
Tarehe 20 Novemba 1990

Aimable,

Usije.

Winifred alikuwa ameshakutandikia godoro. Nimemwambia alikunje.

Nimelia, usidhani sikulia. Nimemaliza. Sasa sikiliza. Umeandika kurasa mbili na neno lako kubwa humo ni mimi, mimi, mimi. Karatasi ina nyumba kumi na tisa. Wamechukua watatu. Nimehesabu kwa vidole vyangu bila mashine: wamebaki kumi na sita. Baba kumi na sita asubuhi hii wamekunywa chai na kwenda kazini, hawajui kwamba wameandikwa. Direkteri anajua. Wewe unajua. Mimi mwanamke mzee wa Buyenzi najua, kutoka nchi nyingine. Wao hawajui. Na wewe unatafuta lori!

Umesema mtoto akikosa shule siku tatu unakwenda kwao kwa miguu. Hakuna atakayeshangaa kumwona mwalimu mlangoni. Ingia, kaa, kunywa ukipewa, kisha useme: jina lako liko kwenye karatasi, niliandika mimi, ondoka leo. Useme niliandika mimi. Ukificha hapo watadhani ni uvumi na hawataondoka. Atakayekutemea mate, jifute, nenda nyumba inayofuata. Kuna mmoja anaweza kukushtaki, hilo najua. Nenda hata hivyo.

Nyumba ya mwisho ni ya mama Liliane. Umrudishie kikapu chake, na maharage mengine ndani, umwambie ukweli wote ukiwa umesimama. Usilie mbele yake. Hana nafasi ya kukubembeleza.

Ukitoka kwake, mchukue mama yako, mpande lori la Salvator wote wawili. Godoro litatandikwa tena.

Choma barua hii, vaa viatu, anza na mlango ulio karibu.

Bibi yako,
Béatha