Ndengu Ndani ya Kyondo

Kanyangi, 11 Machi 2024

Mwanangu Mumbua,

Habari ya Rotterdam na baridi yake? Sisi ni wazima, ila goti langu lina ukaidi wake.

Miezi sita ya watu wako imeisha. Ulisema ni mtandao wa makumbusho ya sanaa za kisasa, wana nyumba katika nchi tatu, na kyondo, kile kikapu cha kusukwa cha nyanya yako, kitakaa hapo kazini kwako kitazamwe, kisha kirudi. Dada yako Nthiwa anaolewa Mukuyuni mwezi wa Agosti. Hawezi kutoka kwangu bila kyondo nilichotoka nacho kwa mama. Kitume.

Mamako, Muthoki

Rotterdam, 2 Aprili 2024

Mwaitu,

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi ni mzima. Kyondo kimepelekwa tawi la Osaka bila mimi kuulizwa. Osaka wanasema niulize Montreal, ofisi kuu. Montreal wanasema niulize Rotterdam, yaani dawati langu mwenyewe. Nimechoka kujiuliza. Vumilia kidogo.

Bintiyo, Mumbua

Kanyangi, 9 Juni 2024

Mumbua,

Hujambo? Mimi sijambo, na salamu za leo zinaishia hapo.

Kaka yako Kiilu amenisomea barua yao. Eti kyondo ni chao, kilikuwa zawadi. Nani aliwapa zawadi? Nilikijaza ndengu za kupika kwa sababu kyondo hakitoki nyumbani kitupu. Ukiletewa kyondo chenye kitu, unabaki na hicho kitu, kyondo unarudisha. Kwani hukuwaeleza? Na ndengu zangu walizifanya nini?

Mamako

Rotterdam, 30 Juni 2024

Mwaitu,

Habari ya nyumbani? Mimi silali vizuri.

Ndengu zilitupwa siku ya kwanza kwa kuogopa wadudu. Nilikuwepo, nikanyamaza.

Kuna lingine. Fomu ya kukabidhi kyondo ilikuwa na visanduku viwili, mkopo na zawadi. Vitu vya mkopo vilikuwa vinangoja mwaka mzima kabla ya kuonyeshwa, na mimi nilikuwa mgeni kazini, nilitaka waone nina kwetu. Nikatia alama kwenye zawadi, nikasaini jina lako. Nilidhani nitarekebisha baadaye. Sasa wanataka uape kwamba saini si yako. Ukiapa, kyondo kitarudi, na mimi nitafutwa kazi, labda nishtakiwe. Usipoapa, ni chao. Nisamehe.

Mumbua

Kanyangi, 20 Julai 2024

Mumbua,

Habari yako. Goti linauma.

Nilienda kwa wakili Kitui mjini. Aliandika kiapo, akanipa kalamu, akaenda kula chakula cha mchana, akarudi akanikuta bado nimeishika. Nikamwambia ile saini ni yangu.

Nina hasira nawe, na sijui nitaipeleka wapi. Nthiwa ataondoka na kyondo cha kununua sokoni. Nimemwambia kile cha nyanya yake nilikigawa mwenyewe, kwa kupenda sifa za wazungu. Tangu juzi haniongeleshi.

Ukija harusini, usinisahihishe.

Mamako, Muthoki