Usingizi Anaoununua Mama

Chumba cha nyuma,
Duka la Dobi.
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Nisamehe, leo naanza vibaya. Najijua: nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe. Nimemdanganya Mama. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata mto ninaoulalia. Na nilimdanganya bila kutamka neno. Aliniuliza swali, nikaitikia kwa kichwa.

Haya, sasa shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Bado unasimama kutwa nzima kwenye jiko la hospitali? Mama anasema unapikia wagonjwa mia tatu, halafu ukirudi nyumbani unakula mkate mkavu kwa uvivu wa kuwasha jiko. Na mwanao Kipepeo je, meno yake ya mbele yameota, au bado anacheka kama babu?

Sisi huku ni wazima. Kinachomsumbua Mama ni mikono tu. Ile mipasuko ya sabuni imeingia hadi viganjani. Jioni anaipaka mafuta, kisha anainyoosha hewani, hataki kugusa kitu, kama mtu anayengoja kupewa mtoto mchanga ampakate.

Tangu nimalize shule niko naye hapa dukani. Kazi yangu ni alama na pasi. Kila mteja ana rangi yake ya uzi, nami namshonea kipande kidogo ndani ya kola, mahali ambapo mwenyewe hawezi kuona. Mwalimu mkuu ni kijani. Muuza dawa ni njano mara mbili. Wakati mwingine watu wanapita barabarani nami najua siri ya shingo zao, wao hawajui. Unajua mimi siwezi kumtazama mtu usoni kwa muda mrefu, basi nawatazama kola, na hiyo inanitosha.

Asubuhi mvuke ukipanda kutoka kwenye sufuria ya maji ya moto, duka zima linakuwa kama limeingia ndani ya wingu. Mashuka yananing'inia, mwanga unapita, Mama anatokea na kupotea kati yake. Nikiwa pale huwa naota macho wazi. Mama Mdogo, ndoto yangu ilikuwa moja: mashine ya kufulia.

Iko kwenye duka la vyombo vya umeme vilivyotumika, mtaa wa pili. Ni nyeupe, ina mlango wa kioo wa mviringo, na ubavuni ina mkwaruzo. Nilikuwa nikitumwa sabuni napitia kuitazama. Muuzaji alishanizoea. Siku moja alinitania, "Bibie, unakuja kuposa au unachungulia tu?" Nikakimbia. Lakini nilipofika nyumbani akilini niliona mikono ya Mama ikiwa mikavu, imepumzika, na mashine inazunguka yenyewe, nasi tumekaa tunaitazama.

Ndipo nikaanza kibubu. Nilitoboa kopo la maziwa ya unga nikalificha nyuma ya magunia ya sabuni. Nilikata kila kitu nilichoona hakina lazima: peremende, vibanio vya nywele, vifurushi vya simu vya kuangalia video za watu wanaocheza. Viatu vyangu vilipofunguka nilivipeleka kwa fundi viatu wa mlango wa jirani badala ya kuomba vipya. Nilijiona mtu mzima. Lakini haba na haba yangu ilikuwa haba kweli, na kibaba kilikuwa kikubwa.

Hapa ndipo nilipokosea. Kila mwezi Mama alikuwa ananipa pesa za bima ya duka nizitume kwa simu. Namba iliyoandikishwa kule ni yangu, kwa sababu Mama hasomi ujumbe. Anasema ujumbe wote unataka pesa. Mwalimu wetu wa biashara alikuwa akisema gharama isiyorudisha kitu ni tundu kwenye mfuko. Nikajiuliza, miaka yote hii bima imeturudishia nini? Karatasi moja, nayo iko ukutani imeliwa na mende. Basi nikaona nimelipata tundu, nitalishona. Pesa za mwezi wa tatu nikazitia kwenye kopo. Za mwezi wa nne pia. Za mwezi wa tano pia. Ujumbe wa kukumbushwa ulikuja, nikaufuta. Wallahi, sikujiona mwizi. Nilijiona binti mwenye akili kuliko wote mtaani.

Mwanzoni mwa mwezi huu chuo kilituletea majoho ya mahafali, arobaini, meusi. Tuliyatundika chumba cha nyuma. Ilikuwa mchana, mvua inapiga bati, na yale majoho yalisimama kimya kama wageni waliofika mapema, wanaona haya kukaa. Nilikuwa napiga pasi huku nikiwaza wenye nayo, wanaenda wapi baada ya kuitwa majina yao, na kama kuna mmoja anayeogopa kuitwa kama mimi. Sijui niliwaza muda gani. Nilistushwa na harufu.

Pasi ilikuwa imelala juu ya joho. Kitambaa kilishayeyuka, blanketi la mezani linawaka, na moto umeshagusa joho la pili. Sikuweza kupiga kelele. Nilifungua mdomo tu, hakikutoka kitu. Mama aliniona kupitia mlangoni. Alichomoa waya kwanza, kisha akabeba beseni zima la maji ya kusuuzia akalimwaga, na moto ukafa kwa sauti ya mtu anayemkataza mwenzake kusema.

Nikaanza kulia. Nilingoja kofi. Mama alinifuta uso kwa mikono yake ile yenye mipasuko, akasema, "Nyamaza, mwanangu. Hujaungua, hilo ndilo kubwa. Majoho mawili tu. Ndiyo maana tunalipa bima, au sivyo?"

Mama Mdogo, heri angenipiga.

Kesho yake akanituma kwa wakala wa bima nikapeleke habari za hasara. Wakala ni mama mnene anayeitwa Mama Mwavuli, hata jua likiwaka hauachi. Ofisi yake iko juu ya duka la misumari, ina feni inayozunguka taratibu kama imechoka na maneno ya watu. Nilisimama mlangoni mpaka akaniita mwenyewe.

"Wewe ndiye Kimya? Nimekutumia ujumbe mara sita, nikadhani namba ni ya marehemu."

Nikamweleza. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi azime feni.

"Miezi mitatu. Na hizo pesa umekula?"

"Niliziweka akiba. Ya mashine ya kufulia."

"Mashine ya kufulia nguo zipi, zikishaungua?"

Akanisogezea kiti, akaniambia bima yetu ilishakufa tangu mwezi wa pili wa kutolipa, na kwa majoho yale hawezi kutoa hata senti. "Hata ungekuwa mwanangu wa kunyonya, nisingeweza. Bima hailipi jana." Alisema bila ukali, kama daktari.

Kisha akaniambia neno ambalo linanizunguka kichwani hadi leo. Alisema, "Akiba ni ya jambo unalolijua: ada, kodi, hiyo mashine yako. Bima ni ya jambo usilolijua. Usizilaze kitanda kimoja, zitapigana mateke. Unadhani mama yako ananunua karatasi? Mama yako ananunua usingizi."

Akanisimulia kuhusu bomba lililopasuka juu ya dari nilipokuwa na miaka mitatu. Wewe ulikuwepo, sijui kwa nini hamkunieleza. Makoti ya watu yote yaliingia madoa ya kutu na ukungu, na Mama akalipa mteja mmoja baada ya mwingine kwa miaka miwili. Mama Mwavuli alisema siku Mama alipokuja kujiandikisha alikuwa amevaa kandambili za rangi mbili. Nikakumbuka kandambili zile. Nilikuwa nazipenda, nilidhani ni urembo.

Nilirudi nikavunja kopo. Malipo matatu niliyoyazuia na vijisenti vyangu vyote viligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulikwenda kwa fundi cherehani, ashone majoho mawili mapya kabla ya mahafali, na alinitoza zaidi kwa haraka. Upande mwingine ulikwenda kwa Mama Mwavuli kufufua bima. Alikuja kukagua waya na paa, akapiga muhuri. Mama alidhani amekuja kuitazama hasara. Mama Mwavuli naye alidhani nilishamweleza Mama kila kitu, maana aliniambia, "Umejitahidi, binti, kusema ukweli ni kazi." Nami nikanyamaza. Kimya ni jina langu, lakini siku ile halikunipendeza.

Majoho yalipofika, Mama aliyashika kwa ncha za vidole, akayageuza, akatabasamu. Akaniuliza, "Kwa hiyo bima wamelipa?"

Hapo ndipo nilipoitikia kwa kichwa.

Nilifikiri mambo yameishia hapo. Kumbe uongo nao una miguu. Mama hakulala na habari hii. Alimwambia fundi viatu, yule anayejifanya anajua kila kitu. Nilikuwa nashona alama, nikawasikia kupitia ukutani.

"Mimi bima yangu ni Mungu na kufuli," fundi viatu alisema.

"Kufuli halizimi moto, baba. Sisi wametulipa ndani ya siku nne."

"Siku nne? Hata mkwe wangu hajawahi kunilipa ndani ya siku nne!"

"Muulize Kimya, yeye ndiye aliyefuatilia."

Fundi viatu akachungulia dirishani kwetu na nyundo mkononi. "Eti, Kimya? Kweli?" Na kichwa changu, Mama Mdogo, kikaitikia tena chenyewe. Nilitamani kingedondoka.

Hilo ningeweza kulivumilia, maana bima ni kitu kizuri, na akijiandikisha hatapata hasara. Lakini jana jioni, Mama akiwa amenyoosha mikono yake yenye mafuta, alisema kitu kilichonifanya nichukue kalamu. Alisema, "Hawa watu wa bima ni waungwana kweli. Mwezi huu sabuni imepanda, tuwaombe tu wasubiri. Tukichelewa miezi miwili mitatu hawatatutupa, wamekwishatujua."

Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nilidhani nimeziba tundu kwa kopo langu, kumbe nimemuondolea Mama hofu ambayo ilikuwa inamlinda tangu siku za kandambili zile. Moto mwingine ukija, utatukuta tumesimama pale pale, na safari hii hakuna kopo nyuma ya magunia.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho ni Jumapili, duka limefungwa. Mama hukaa uani baada ya chakula, hapo huwa hana haraka na mtu. Nitamwambia. Nimejaribu maneno mbele ya yale mashuka, yanasikiliza vizuri na hayaulizi. Naanza na "Mama, bima haikulipa," na hapo nakwama, lakini nafikiri nikifika hapo mengine yatajivuta yenyewe. Halafu nitakwenda kwa fundi viatu. Huyo nitamwambia nikiwa nimetazama kola yake.

Mashine ya kufulia bado ipo, na ule mkwaruzo wake. Nimeanza kopo jingine, safari hii kwa pesa ninazopewa za kwangu tu, na halifichwi, liko juu ya rafu. Huenda nikawa mzee ndipo lijae. Si neno.

Nisalimie mume wako, mwambie miwani yake aliyoisahau kwetu bado ninayo, nimeifunga kwenye kitambaa chenye uzi wa buluu. Mbusu Kipepeo kwenye pengo. Mpe shikamoo Bibi wa jirani yako, yule anayenitumia salamu ingawa hajawahi kuniona. Mungu akupe nguvu za miguu, na sufuria zako zisikuungulie.

Ombi langu ni moja. Barua hii pengine itakufikia kabla Mama hajakupigia simu, pengine baada. Akikupigia akiwa na furaha, akakusimulia jinsi bima walivyolipa ndani ya siku nne, ujue bado sijaweza. Usimkatize. Usicheke, usigune, usimwambie, "Hebu muulize vizuri mwanao." Wewe ni mdogo wake, najua hamfichani kitu, na hili ninalokuomba ni zito. Lakini akilisikia kwako, atajua tu kwamba nilidanganya. Nataka alisikie kwangu. Tafadhali, Mama Mdogo, nitunzie hadi nimwambie mwenyewe.

Mimi, mwanao kwa tumbo la dada yako, nikupendaye sana,

Kimya